Mshono Usiofichwa: Kolaji na Uhuishaji Mjini Kampala

Kolaji ni sanaa ya kutengeneza picha kwa kukata vipande vya vitu vilivyokwisha kutumika, kama vile kurasa za magazeti, picha, vitambaa, magome ya miti na vifungashio, kisha kuvibandika au kuvishona juu ya uso mmoja hadi vipate maana ambayo hakuna kipande kilichokuwa nayo kikiwa peke yake. Uhuishaji, ambao watu wengi huuita katuni, ni sanaa ya kupanga picha tuli moja baada ya nyingine na kuzionyesha kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuzitenganisha, hata zikaonekana kuwa kiumbe kimoja kinachotembea. Kwa mtazamo wa haraka sanaa hizi hazina undugu, kwa kuwa ya kwanza huning'inizwa ukutani na ya pili hupita kwenye skrini na kutoweka. Hata hivyo zote mbili hujengwa kwa vipande, na katika zote mbili kazi kubwa ya msanii hufanyika pale kipande kimoja kinapokutana na kingine: kwa mwanakolaji, mahali hapo ni ukingo wa karatasi unaogusa ukingo wa karatasi nyingine, na kwa mhuishaji ni ile sehemu ndogo ya sekunde iliyopo kati ya picha moja na inayoifuata. Kampala ni mahali pazuri pa kuuchunguza undugu huu, kwa sababu katika utamaduni wa kuona uliokua huko mshono haukuhesabiwa kuwa kasoro inayopaswa kufichwa.

Ushahidi wa kale wa jambo hilo ni lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo Waganda waliitengeneza kwa karne nyingi kabla nguo za pamba hazijaenea katika ufalme wao. Fundi huchubua gome la mti ulio hai wakati wa mvua, huufunga mti kwa majani ya mgomba ili jeraha lipone na gome jingine liote, kisha hulitwanga gome kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi lipanuke na kulainika, na jua hulikausha likapata rangi ya udongo mwekundu. Gome haliwi kamilifu daima. Penye fundo la tawi hubaki tundu, na tundu hilo huzibwa kwa kiraka kinachoshonwa kwa mkono, kiasi kwamba lubugo nyingi hubeba mishono iliyo wazi kabisa kwa mtazamaji. Nguo hiyo hiyo yenye viraka ndiyo inayohusishwa na kutawazwa kwa Kabaka, ndiyo inayotumika kufungia maiti, na ndiyo pazia linalotenganisha sehemu takatifu na ukumbi wa wageni katika makaburi ya wafalme huko Kasubi. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa kazi kuu za urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, lakini kwa wasanii wa Kampala jambo lenye uzito zaidi ni kwamba lubugo bado inanunulika, bado inafanyiwa kazi, na inamfikia msanii ikiwa tayari na historia ndani yake.

Historia ya kolaji inayofundishwa vyuoni huanzia Paris mwaka 1912, Pablo Picasso na Georges Braque walipoanza kubandika vipande vya karatasi na vitambaa vya mafuta kwenye michoro yao, na huendelea Berlin baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambako Hannah Höch alikata picha za magazeti ili kuikosoa siasa ya Ujerumani. Historia hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi kueleza kwa nini kolaji imekubalika kwa urahisi Afrika Mashariki. Anayetaka kuelewa hilo anapaswa kufika pia Nasser Road, barabara ya wachapaji katikati ya Kampala, ambako kwa miaka mingi vimechapishwa vitabu vya risiti, kadi za harusi, kalenda na, zaidi ya yote, mabango ya siasa. Katika mabango hayo kichwa cha kiongozi hukatwa kutoka picha moja na kuwekwa juu ya mwili wa askari kutoka picha nyingine, vifaru na ndege za kivita hupangwa nyuma yake, bendera hutandazwa pembeni, na maelezo mafupi huandikwa juu ya kila tukio, bila mchapaji kujisumbua kulinganisha mwanga wala ukubwa wa vitu. Muammar Gaddafi, Saddam Hussein na wanasiasa wa Uganda wenyewe wote wamepita katika mabango hayo, wakipewa miili ambayo hawakuwa nayo na kusimamishwa mahali ambapo hawakuwahi kufika. Mabango hayo huuzwa kwa bei nafuu na kubandikwa katika saluni, vibanda na sebule, na kwa hiyo watazamaji wengi wa Uganda wamejifunza kusoma kolaji muda mrefu kabla ya kuingia katika jumba lolote la sanaa: wanajua kwamba vipande vimetoka mahali tofauti, na wanajua kwamba hoja ya picha iko katika kule kuwekwa pamoja kwake.

Karatasi za viwanda vya uchapaji vya Kampala zina maisha ya pili pia. Mabaki na nakala zilizoharibika huuzwa kwa watengenezaji wa shanga za karatasi, ufundi ambao leo unawapa kipato wanawake wengi wa jiji hilo, wakiwemo wale wa mtaa wa Acholi Quarter karibu na Kireka, ambako familia nyingi zilifika zikikimbia vita vya kaskazini mwa Uganda na kujikuta zikiponda kokoto ili kuishi. Mtu ambaye jina lake limeshikamana na ufundi huu kuliko wengine ni Sanaa Gateja, aliyezaliwa Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1950, akawahi kuishi na kufanya kazi Mombasa, akasomea usonara katika Chuo cha Goldsmiths mjini London, na aliporudi nyumbani akaanza kuwafundisha wanawake kutengeneza shanga kutokana na karatasi zilizotupwa.

Hatua za kazi ya Gateja zinastahili kuelezwa kwa kirefu, maana fikra yake yote imo ndani ya hatua hizo. Karatasi hukatwa kwanza kuwa pembetatu nyembamba na ndefu. Upana wa kitako cha pembetatu ndio unaoamua urefu wa ushanga, na urefu wa pembetatu ndio unaoamua unene wake. Pembetatu huzungushwa kwenye sindano au kijiti kuanzia upande mpana, ikitiwa gundi, hadi ncha nyembamba ifike juu na kukaa katikati ya ushanga, kisha sindano huchomolewa, ushanga hupakwa vanishi, na vanishi hiyo huukinga dhidi ya unyevu na kuupa mng'ao. Kwa njia hii kipande kirefu cha ukurasa wa gazeti, pamoja na habari, matangazo na nyuso zilizokuwa juu yake, huingia ndani ya kitu kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi, na kinachobaki kuonekana nje ni kingo tu za karatasi, ambazo huacha mistari midogo ya rangi na vinukta vilivyokuwa herufi. Shanga hizo zikishapangwa kwa rangi hushonwa kwa maelfu juu ya lubugo, zikifuata mkondo wa umbo la binadamu, la mlima, la umati au la wimbi lisilo na jina. Mtazamaji akisimama mbali huona picha moja inayotiririka, akisogea karibu huona shanga moja moja, na akijua ufundi wenyewe hutambua kwamba kila ushanga umefunga maandishi ambayo hayatasomwa tena.

Hapo ndipo Gateja anapotofautiana na wanakolaji wengi wa Ulaya, ambao walitaka maneno ya gazeti yaendelee kusomeka ili yabishane na mchoro uliokuwa pembeni yake. Kwake yeye karatasi haiji kama nukuu, inakuja kama mali ghafi iliyobeba muda, na mikono ya wanawake walioikata na kuizungusha ni sehemu ya kazi kama ilivyo rangi. Kazi zake zilionyeshwa katika maonyesho ya Carnegie International huko Pittsburgh, Marekani, yaliyofunguliwa mwaka 2022, na mwaka 2024 alikuwa miongoni mwa wasanii wa banda la Uganda katika maonyesho ya Venice, Italia. Ni haki kusema kwamba sifa hizo zilichelewa, kwa sababu kwa muda mrefu shanga zilihesabiwa kuwa ufundi wa kuuzia watalii na hazikupewa nafasi pamoja na uchoraji, na ubaguzi huo baina ya sanaa na ufundi uliwaumiza zaidi wanawake ambao kazi yao haikuwahi kupewa jina lolote zaidi ya bidhaa.

Miaka miwili kabla ya hapo, katika maonyesho yale yale ya Venice ya mwaka 2022, Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake la taifa na ikatunukiwa kutajwa kwa heshima maalumu. Wasanii wake walikuwa wawili, Acaye Kerunen, anayefanya kazi na nyuzi, ukindu na ususi wa wanawake, na Collin Sekajugo, aliyezaliwa Masaka mwaka 1980, ambaye pia alianzisha kituo cha sanaa cha Ivuka mjini Kigali mwaka 2007. Sekajugo ndiye mwanakolaji anayeshughulika moja kwa moja na picha za intaneti, hasa zile ziitwazo picha za akiba, yaani picha zinazopigwa bila mteja maalumu, zikawekwa katika maghala ya mtandaoni na kuuzwa kwa kampuni yoyote inayotaka picha ya familia yenye furaha, mkutano wa biashara au mwanamke anayekunywa kahawa. Picha hizo zina mikao inayojirudia bila kikomo, na kwa miongo mingi wanamitindo wake walikuwa Wazungu kwa sehemu kubwa, hivi kwamba furaha, mafanikio na mapumziko yenyewe yalionekana kuwa na rangi moja ya ngozi. Msanii huyu huchukua mkao ule ule, huuhamishia kwenye turubai, hubadilisha mwili na uso uwe wa Mwafrika, kisha huuvika nguo za vipande halisi vya lubugo, vitenge na mifuko ya plastiki iliyosokotwa, ile ambayo katika masoko ya Uganda hutumika kubebea nafaka. Matokeo yake ni picha ambayo kila mtu anahisi amewahi kuiona na hakumbuki wapi. Mwili umekaa kama unavyokaa katika tangazo, lakini uzito wa kitambaa, nyuzi zilizochomoza na kingo zilizopinda zinakataa ule ulaini ambao tangazo linauhitaji ili kuuza.

Kutoka kolaji kwenda uhuishaji hatua si ndefu, na Kampala ina sababu zake za kuifupisha. Elimu rasmi ya sanaa jijini humo ilianza mwaka 1937, Margaret Trowell alipoanza kufundisha kwenye baraza ya nyumba yake na baadaye katika Chuo cha Makerere, na mbinu yake mojawapo ilikuwa kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno na kuwataka walione akilini kabla ya kulichora. Mbinu hiyo ilikuwa na mipaka yake, na waliokuja baadaye waliikosoa kwa kumfunga mwanafunzi katika kijiji cha kufikirika, lakini iliwalea wachoraji waliofikiri kwa hadithi, akiwemo Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro, aliyekuja kuwa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza, na Gregory Maloba wa Kenya. Nje ya chuo kulikuwa na shule nyingine, yaani vibanda vya video, ambako wasimuliaji wanaoitwa vijei hutafsiri filamu za kigeni kwa Kiganda huku filamu ikiendelea, wakiongeza vichekesho, majina ya mitaa ya Kampala na maoni yao wenyewe juu ya sauti ya asili. Hiyo nayo ni kolaji, ya sauti juu ya picha, na watazamaji wake hawaoni taabu kusikia tabaka mbili kwa wakati mmoja.

Mhuishaji wa Kampala anayejulikana zaidi kwa sasa ni Raymond Malinga, mmoja wa waanzilishi wa studio ya Creatures, aliyetoa mwaka 2017 filamu fupi iitwayo A Kalabanda Ate My Homework. Kalabanda ni zimwi la hadithi za shule za bweni za Uganda, la aina ile ambayo kila kizazi cha wanafunzi hukirithisha kizazi kinachofuata gizani baada ya taa kuzimwa, na filamu inamhusu msichana anayemweleza mwalimu kwamba zimwi hilo ndilo lililokula kazi yake ya nyumbani. Uchaguzi wa kisa hiki una busara kubwa. Malinga hakwenda kutafuta ngano ya kale iliyokwisha kukaushwa katika vitabu. Alichukua hadithi ambayo watazamaji wake wa rika lake waliiogopa wenyewe, na kwa hiyo sare za shule, madawati na namna mwalimu anavyosimama vilikuwa vitu vinavyotambulika papo hapo, huku zimwi lenyewe likimwachia mchoraji uhuru wote kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliona.

Utengenezaji wa filamu ya namna hiyo hupitia hatua ambazo mtazamaji hazioni. Hadithi huchorwa kwanza katika mfululizo wa michoro midogo inayofanana na kurasa za vibonzo, ambayo wenye kazi huiita storibodi. Michoro hiyo hupangwa pamoja na sauti za muda ili kujua kila tukio litachukua sekunde ngapi. Wahusika huumbwa ndani ya kompyuta kama sanamu za pande tatu, hutiwa mifupa ya kubuni ambayo ndiyo itakayovutwa ili viungo visogee, kisha mhuishaji huweka mikao mikuu ya mwendo, kwa mfano mguu ukiwa juu na mguu ukiwa chini, na kurekebisha picha za katikati ambazo kompyuta huzikadiria. Mwishoni kompyuta hukokotoa mwanga, kivuli na rangi za kila picha, au fremu, moja baada ya nyingine. Sinema hutumia fremu 24 kwa sekunde, na kwa hiyo filamu ya dakika 7 inahitaji fremu 10,080. Endapo kompyuta moja itachukua dakika 5 tu kukamilisha fremu moja, filamu hiyo fupi itaishughulisha kompyuta hiyo kwa saa 840, yaani siku 35 mchana na usiku bila umeme kukatika. Hesabu hii inatosha kueleza kwa nini studio ndogo hutoa kazi chache na fupi, na kwa nini programu za bure kama Blender, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, zimekuwa na maana kubwa kwa vijana wa Afrika Mashariki kuliko kwa wenzao wenye mitaji.

Mwaka 2023 Malinga aliongoza filamu fupi ya Herderboy, mojawapo ya filamu 10 za mkusanyiko wa Kizazi Moto: Generation Fire uliotolewa na Disney kwa kushirikiana na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini. Humo wachungaji wa ng'ombe wa Uganda wamehamishiwa katika wakati ujao wa mashine, na ingawa picha ni za kompyuta tupu, fikra inayoziongoza ni ya kolaji: fimbo ya mchungaji na chuma cha kiwandani vimewekwa mahali pamoja bila kuombewa radhi, na hakuna kinachomezwa na kingine.

Msanii wa Afrika Mashariki aliyeunganisha sanaa hizi mbili kwa ukamilifu zaidi si wa Kampala bali wa Nairobi, na haiwezekani kulizungumzia jambo hili bila kumtaja. Wangechi Mutu alizaliwa huko mwaka 1972, akasoma Wales na baadaye Marekani, katika chuo cha Cooper Union na Chuo Kikuu cha Yale, ambako alihitimu shahada ya uzamili mwaka 2000. Kolaji zake nyingi huanza na wino na rangi ya maji vinavyomwagwa juu ya karatasi laini ya plastiki. Kwa kuwa plastiki hainywi maji, wino hutuama, hujikusanya na kukauka kwa madoa yanayofanana na ngozi yenye maradhi au na ramani ya visiwa. Juu ya madoa hayo hubandikwa macho, midomo na miguu iliyokatwa kutoka majarida ya mitindo, manyoya ya wanyama kutoka majarida ya safari na jiografia, na vyuma kutoka majarida ya pikipiki, na vipande hivyo hugawana kazi upya: gurudumu linakuwa goti, ua linakuwa sikio, nyoka anakuwa nywele. Katika mfululizo wake wa kati ya mwaka 2004 na 2005 alibandika nyuso za wanawake juu ya kurasa za zamani za kitabu cha tiba zilizochora uvimbe wa mfuko wa uzazi, na kwa tendo hilo moja aliziweka mahakamani taaluma mbili zilizouchunguza mwili wa mwanamke kwa jicho la umiliki, udaktari wa enzi hiyo na biashara ya urembo.

Mwaka 2013 Mutu alitengeneza filamu yake ya uhuishaji, The End of Eating Everything, kwa ufadhili wa Jumba la Sanaa la Nasher la Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina. Katika filamu hiyo, yenye urefu wa takriban dakika 8, kiumbe mwenye uso wa mwanamuziki Santigold na nywele zinazojinyonganyonga huelea katika anga la kijivu, hukutana na kundi la ndege weusi, huwanusa, kisha huwala kwa pupa hadi anga linajaa damu. Kamera inaporudi nyuma, mtazamaji hugundua kwamba kichwa kile ni ncha tu ya mwili mkubwa kama sayari, uliosheheni mikono, magurudumu na mabomba yanayotoa moshi. Tofauti baina ya filamu hii na kolaji za msanii yule yule inafundisha mengi. Katika karatasi, mtazamaji huona vipande vyote kwa pamoja na yeye mwenyewe huchagua jicho lianzie wapi. Katika filamu, Mutu ndiye anayeamua ni kipande kipi kionekane kwanza na kipi kicheleweshwe, na ule ucheleweshaji ndio unaougeuza uzuri wa uso kuwa hofu ya mwili. Muda umekuwa mkasi wake wa pili.

Mkenya mwenzake, Ng'endo Mukii, alifuata njia inayokaribiana na hiyo katika Yellow Fever ya mwaka 2012, filamu kuhusu kujichubua ngozi, ambamo michoro ya mkono, miili ya wachezaji ngoma iliyopigwa picha moja moja na sauti za mazungumzo ya kifamilia hupishana. Msomaji anayependezwa na mada hii atafaidika kuzitazama filamu hizi mbili pamoja, maana katika zote ngozi ndiyo karatasi.

Kwa msanii asiye na kompyuta yenye nguvu, njia iliyo wazi zaidi ya kuingia katika uhuishaji ni kukihuisha kile kile alichokikata. Mbinu hiyo ni ya zamani: Lotte Reiniger wa Ujerumani aliitumia katika filamu ndefu aliyoikamilisha mwaka 1926, iliyotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, akikata wahusika kutoka karatasi nyeusi, akiunganisha viungo vyao kwa waya, akiwalaza juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini na kuwasogeza kidogo sana kati ya picha moja na nyingine. Afrika nayo haikuchelewa, kwani Moustapha Alassane wa Niger alikuwa akitengeneza katuni zake katikati ya miaka ya 1960. Leo simu iliyofungwa kwenye stuli ikitazama chini, taa moja isiyohamishwa, na programu ya kupiga picha moja moja vinatosha kufanya kazi ile ile. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu, kwa sababu hata ukitumia picha 12 kwa sekunde, kama wafanyavyo wahuishaji wengi kwa kuionyesha kila picha mara mbili, dakika moja bado itadai picha 720. Toleo la kidijitali la mbinu hiyo lilitumika Nairobi katika Tinga Tinga Tales, iliyoanza kurushwa mwaka 2010 kwa vipindi 52, ambamo wanyama waliochorwa kwa mtindo alioubuni Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam waligawanywa vichwa, miguu na mikia ili kompyuta iweze kuvitembeza. Mtindo uliobuniwa kwa rangi za kung'aa zisizo na kivuli ulikubali kukatwa hivyo bila kupoteza sura yake, jambo ambalo lisingewezekana kwa mchoro wenye mwanga na kina.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili. Charlene Komuntale, msanii wa Kampala aliyesomea uhuishaji nchini Malaysia, sasa hutengeneza kwa kompyuta picha tuli za wanawake ambazo huchapishwa na kuonyeshwa kama michoro, na macho yaliyozoea filamu hutambua ndani yake maarifa ya mhuishaji: mhusika hakai kama aliyekaa kupigwa picha, bali kama aliyesimamishwa katikati ya tendo, na mtazamaji hulazimika kukamilisha mwenyewe fremu iliyotangulia na ile ambayo ingefuata.

Jambo moja linalowahusu wote hawa, na ambalo halijadiliwi vya kutosha, ni uhai wa kazi zao. Karatasi ya gazeti ina asidi na kemikali za mti zinazoifanya iwe ya njano na kuvunjika ikikaa kwenye mwanga, gundi za bei rahisi huachia, na lubugo hushambuliwa na wadudu isipotunzwa, ingawa ushanga uliozungushwa na kupakwa vanishi unadumu vizuri kuliko ukurasa uliouzaa. Uhuishaji una udhaifu wa aina nyingine: filamu iliyokamilika inaweza kunakiliwa mara elfu bila kuchakaa, lakini sanamu za kompyuta, mifupa yake na mafaili ya kazi huhitaji toleo lile lile la programu ili yafunguke, na baada ya miaka 15 studio inaweza kumiliki filamu ambayo haiwezi tena kuirekebisha hata fremu moja. Nakala za pili za mafaili hayo, zilizohifadhiwa mahali pengine mbali na studio yenyewe, zinagharimu fedha ambazo hazionekani katika bajeti ya filamu yoyote, na ni gharama ambayo wafadhili wa sanaa Afrika Mashariki wangepaswa kuanza kuilipia sasa, wakati wahuishaji wa kwanza wa Kampala bado wanakumbuka ni diski ipi ina kitu gani.